Barua kwa mwanangu: nani anakukemea?

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Huku hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba, naye anakusalimu, ingawa salamu zake nimezipunguza makali kabla ya kuziandika hapa.

Dada yako ameniambia umekabidhiwa tawi jipya la kanisa lenu huko Mwanza, na kwamba unahama kutoka Dodoma mwisho wa mwezi. Nilifurahi, nisikudanganye. Nilikwenda hadi kwa mama yako mdogo kumwambia, halafu nikapitia na kwa jirani ambaye siku hiyo sikuwa na shida naye yoyote. Usiku ndipo nilipoanza kujiuliza: huko Mwanza, nani atakukemea?

Ya msibani sirudii. Unayajua, nami nayajua, na mjomba wako anayajua kuliko sisi sote.

Usidhani naogopa pombe au wanawake. Mlevi akiamka asubuhi anajua alipoangukia. Hili ninaloliogopa mimi, kiburi cha kiroho, halina asubuhi yake, maana linakulia ndani ya maombi yenyewe, ndani ya kufunga, ndani ya kujua maandiko. Soma tena Luka 18. Yule Farisayo hakusema uongo hata kidogo. Alifunga mara mbili kwa juma, akatoa zaka katika mapato yake yote, na sala yake ilikuwa ya shukrani. Ungempata tawini kwako ungemfanya mzee wa kanisa wiki ile ile. Kilichomponza ni kumtupia jicho mtoza ushuru aliyesimama mbali, akashukuru kwamba hayuko kama yule. Kila alichokitaja kilikuwa chema, na vyema hivyo ndivyo vilivyomtenga.

Na Paulo je? Anasema alipewa mwiba katika mwili asije akajivuna kupita kiasi, kwa wingi wa mafunuo. Angalia hapo: hakusema kwa wingi wa dhambi. Yale yale aliyoonyeshwa na Mungu ndiyo yaliyokuwa hatari kwake. Sasa wewe unaniambia kwenye simu kwamba kila wiki unapokea neno jipya, nami naitika "Amina" huku tumbo linaniuma. Nani anakuuliza kama neno hilo ni la Bwana au ni la kwako?

Mfalme Uzia alikuwa mtu mwema miaka mingi. Alipopata nguvu moyo wake ukatukuka, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyo yake. Kuhani Azaria akamfuata na makuhani themanini wa Bwana. Themanini! Wakamwambia wazi atoke. Badala ya kuweka chetezo chini akakasirika, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso akiwa bado amekishika mkononi. Yeye alikuwa na watu themanini wa kumwambia. Wewe unaye mmoja?

Bibi yako alikuwa mlokole, wa hao wa uamsho wenye wimbo wa Tukutendereza, mnaowaita watu wa zamani. Uamsho ule una historia yake, na nyinyi vijana mnaimba nyimbo zake bila kuijua. Mwaka 1929 pale Namirembe, Kampala, Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Wakakaa wakasoma Biblia na kuomba pamoja siku mbili. Ulikuwa wakati wa ukoloni, fikiria, Mwafrika na Mzungu wakikiri mmoja mbele ya mwenzake kwamba wote ni wakavu kiroho. Moto ukawaka Rwanda na Uganda, ukavuka ukafika hadi kwetu Kagera. Na desturi yao kubwa ilikuwa kutembea nuruni. Mtu alisimama katikati ya ushirika akaitaja dhambi kwa jina lake: nimeiba, nimemchukia fulani. Si "nimepungukiwa" kama mnavyosema sasa. Ndugu akikuona umevimba, alikuja kwako jioni, akaketi, akakwambia. Hata mchungaji aliambiwa. Hata mmisionari.

Nao hawakupona kabisa ugonjwa huu, nisikufiche. Walianza kupimana nani ameokoka kweli na nani bado. Uganda walifika mahali pa kugawanyika, wengine wakijiona wameamka upya na wenzao wamelala. Kuungama kwenyewe kukawa kitu cha kujivunia. Kwa hiyo sikuambii urudi kwenye ya bibi ukadhani utakuwa salama.

Askofu Festo Kivengere wa Uganda, naye mlokole, kabla ya uaskofu alifundisha shule hapo hapo Dodoma unapotoka. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyogombana na mkewe kisha akashika njia kwenda kuhubiri, na moyoni akaona Roho anamwambia nenda tu, mimi nabaki na mkeo. Ilimbidi arudi akaombe msamaha kwanza. Nimelikumbuka hilo kwa sababu ninazozijua mimi na wewe.

Ile video binamu yako amenionyesha. Unahubiri vizuri, sauti ya babu yako kabisa. Lakini uliposema makanisa ya wazee wetu ni makaburi, watu wakapiga makofi, nawe ukangoja makofi yaishe. Kungoja kule ndiko kulikoniuma.

Halafu yule kijana aliyekubebea Biblia ni nani? Huna mikono?

Tafuta mtu huko, mzee kuliko wewe, ambaye hukumpa cheo wala hali kwa sadaka yako, umruhusu akuvunjie sentensi katikati. Akiwa mwanamke ni sawa pia, mimi sitaona wivu. Paulo alimkataza Timotheo kumpa uangalizi aliyeongoka karibuni, asije akajivuna. Wewe una miaka mingapi ya wokovu? Jibu usiniandikie.

Mnyauko umefika kwenye migomba ya upande wa bondeni. Tumeng'oa na kufukia, baba yako hataki kuchoma. Kahawa tumepeleka chama cha msingi, malipo bado. Bati la jiko linavuja pale pale, kwa hiyo ukiona unga wa mwaka huu una harufu ya moshi usiulize. Senene wameanza kuanguka, nitakaanga nikutumie kwa meli ya Bukoba, uende kuupokea mzigo mwenyewe bandarini, usimtume mtu.

Laini ya mjomba wako ilipotea, ana namba mpya. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie kabla hujapanda basi la Mwanza. Asipopokea, piga tena jioni, mchana anakuwa shambani na simu anaiacha ndani.

Mimi mama yako.