Mwanangu, raba ya kufutia iache nyumbani

Mwanangu mpenzi,

Tiketi nimeiona: Jumamosi usiku unaondoka kwenda Madrid. Nimefurahi sana, lakini haraka yako inanitia wasiwasi. Naogopa utaingia makumbusho ya Prado umeinua simu, upite mbele ya kazi za Goya, yule mchoraji wa Kihispania, urudi na picha mia ambazo macho yako hayakuzitazama.

Nakuomba utulie mbele ya mchoro mmoja tu, Aún aprendo, yaani "Bado najifunza". Goya aliuchora Bordeaux, Ufaransa, mnamo 1826 hivi, akiwa na miaka kama 80, kiziwi tangu ule ugonjwa wa 1792 na 1793. Andikia makumbusho mapema, maana michoro ya karatasi haikai ukutani mwaka mzima. Mwanga huiharibu, kwa hiyo huonyeshwa kwa zamu na taa hupunguzwa hadi lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga). Uliza kama mchoro huo unaonyeshwa sasa. Kama hauonyeshwi, omba miadi ya kuuona. Usingoje siku ya mwisho kama ulivyofanya kwenye viza.

Ni mdogo: milimita 192 kwa 145, haufiki nusu ya karatasi ya A4. Usianze na uso wa mzee aliyechorwa, jicho likitua hapo halishuki tena. Anzia chini, kwenye fimbo mbili anazoegemea, panda na vazi lake refu, ndipo ufike kwenye ndevu. Hakuna rangi nyeupe pale. Ni karatasi ya kijivu iliyoachwa wazi, na inang'aa kwa sababu giza la nyuma limeibana. Simu hupandisha mwanga, kijivu kikawa cheupe, na siri yote ikapotea. Ndiyo maana nasema utazame kwa macho, tena polepole.

Alitumia chaki nyeusi na kalamu ya litografia, ile ya kuchorea kwenye jiwe la chapa, yenye nta, sabuni, mafuta ya mnyama na masizi. Mwaka 1825 alikuwa ametoa kwa njia hiyo chapa nne za mapambano ya mafahali, nakala 100, kwenye karakana ya mpiga chapa Gaulon. Kalamu hiyo haifutiki. Ukisugua, mafuta yanasambaa na kivuli kinakuwa tope. Kwa hiyo kila mstari unaouona pale aliukubali.

Hapo ndipo wewe unapokwama. Mkono wako ni mzuri kuliko wa wengi niliowafundisha, nakuambia kweli, ila unachora mstari huku umeshaishika raba. Raba nilikupa mimi, na nilikupa mapema mno. Ukiunakili mchoro huu, chukua karatasi ya kijivu isiyo laini, zungushia ndevu kwa mstari hafifu, kisha jaza giza la nyuma kwa tabaka tatu au nne nyepesi. Ukikandamiza kwenye tabaka la kwanza, vishimo vya karatasi vinaziba na giza linakufa. Usiulaze mkono juu ya kazi. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja.

Watu watakuambia mzee yule ni Goya mwenyewe. Usikimbilie kukubali. Italia ya karne ya 16 ilishakuwa na chapa ya mzee ndani ya kigari cha mtoto anayejifunza kutembea, yenye maneno ya maana hiyohiyo ya "Bado najifunza", kwa hiyo wazo hilo halikuanza na Goya. Hilo nalo linataka utulivu, mama.

Sweta la kijani lipo kabati la chini, nimelishona kiwiko. Bibi yako anataka umpigie kabla hujatoka, siyo ukiwa uwanja wa ndege. Fundi wa bomba anakuja Ijumaa asubuhi, kwa hiyo oga mapema. Ufunguo wa chumba chako muachie shangazi, na ile raba iliyo kwenye mfuko wa mbele wa begi, nimeshaitoa.

Mama yako