Pizza ya mkate wa ajemi

Michenzani, Unguja
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto tu.

Umeniuliza ile pizza nimeipikia wapi na tanuri sina. Shoga, hata unga sikukanda! Nilinunua mikate ya ajemi, ile bapa, basi. Usidhani ni kama ile pizza ya bustani ya Forodhani. Ile ni unga mwembamba unaofungwa na nyama na yai ndani, ukakaangwa kwenye chuma. Tamu, lakini kitu chengine.

Ya kwanza iliniaibisha. Nilisaga tungule (nyanya) mbichi nikazimwaga juu ya mkate, ukawa kama bokoboko. Kumbe tungule zataka kukaushwa. Siku hizi nakaanga thomu (kitunguu saumu) kidogo, natia tungule zilizokunwa na chumvi, nazikoroga mpaka mwiko uache njia kwenye sufuria. Zikipoa ndio napaka, tena kidogo tu.

Mkate nao nauchoma kwanza upande wa juu, mkavu, bila mafuta. Nikiugeuza, ule upande uliochomeka ndio napaka tungule, maana haulowi upesi. Halafu vitunguu na pilipili boga vyembamba, na jodari wa jana niliyemchambua. Usirundike. Mwanangu mkubwa hasikii, na yake ndiyo humwagika kila siku. Chizi ndiyo ghali. Nanunua kipande kidogo cha mozarela nakikuna. Niliwahi kujaribu ile ya vipande vya pembe tatu: inalainika lakini haivutiki, na watoto raha yao ni kuvuta.

Moto ni ule ule wa mkate wa kumimina: makaa machache chini kwenye seredani, mengi juu ya kifuniko cha sufuria. Dakika saba, nane, imeiva. Wewe mwenye jiko la gesi tumia kikaango kizito, moto mdogo, nyunyiza kijiko kimoja cha maji pembeni kisha ufunike haraka. Mvuke ndio unaoyeyusha chizi. Mwisho funua kidogo ukauke.

Nikiepua natupia majani mawili matatu ya mrehani. Ndiyo, huu huu wa vikuba tunavyovaa harusini! Na ule wa Waitaliano ni rihani vile vile, ila wetu una harufu kali, kwa hiyo usizidishe. Mume wangu alisema pizza inanukia harusi. Akala vipande vinne.

Huko Dodoma ukikosa ajemi, tumia chapati za jana, zile ulizozipika kwa mafuta machache. Za moto zenye tabaka zinalegea, usihangaike nazo.

Ukija Idi, niletee zabibu za huko. Na kikaango changu ulichoondoka nacho, shoga, sijakisahau.

Wako,
Jirani yako wa ghorofa ya tatu