Laki moja na nusu kwa mguu mzima?

Mhariri,

Mwezi wa nne huu natembea kwa magongo. Nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda hapa Busia, mji ulioipa bodaboda jina hilo lenyewe, tukagongwa na pikipiki iliyochomoka kichochoroni bila taa. Mguu ukavunjika mara mbili. Wazee wa stegi, kituo cha bodaboda, walikuja wodini na soda na laki moja na nusu, ati tuyamalize kindugu. Niliinywa soda, karatasi sikutia sahihi.

Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 inamtaka kila mwenye pikipiki awe na bima ya mtu wa tatu, ile ya kuwafidia wengine wanaoumizwa na pikipiki yake, lakini iliweka kikomo cha fidia: shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Vyuma vya mguuni peke yake vimenimalizia zaidi ya hizo. Kinachobaki ni kumshtaki mwenye pikipiki kabla miaka 3 haijaisha, na wakili anataka nauli kabla hajafungua faili.

Wabunge, kiwango hicho kilipangwa shilingi ikiwa shilingi. Kipandisheni.

Abiria,
Busia, Uganda