Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi: tuachie nafasi ya kuiona KICC

Mheshimiwa Gavana,

Salamu kutoka Kayole. Sijawahi kuandikia mkubwa yeyote barua, hii naandika usiku nimekaa na katoni ya picha alizoacha marehemu baba, na nikianza kuzipekua siwezi kulala kabla sijasema hili jambo.

Baba alikuwa mpiga picha pale uwanjani KICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa katikati ya mji, tangu miaka ya 80 hadi simu za kamera zilipomaliza hiyo kazi. Mtu ametoka ushago, pengine suti ameazima, anataka picha ya kutuma nyumbani waone kweli amefika Nairobi. Baba anamsimamisha, anamrekebisha kola, alafu yeye mwenyewe anarudi nyuma, anarudi tena, anachuchumaa hadi karibu alale chini ndio jengo lote liingie mpaka kile kichwa chake cha juu. Anwani anaandika kwa daftari, filimu ya picha 36 ikiisha anaenda kuosha, picha inaenda kwa posta. Moi's Bridge, Kitui, Voi, sijui wapi, hizo daftari bado ninazo. Na alikuwa anatuambia, kwa miaka yote aliyofanya hiyo kazi hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumuuliza hili jengo lina urefu gani. Walikuwa wanauliza kitu kimoja tu: itaonekana yote?

Hiyo ndio sababu ya barua hii. Kila nikipita tauni naona bango jipya la gorofa linakuja, na kila bango linajisifu kwa urefu, ati hili ndilo litaiweka Nairobi kwenye ramani ya dunia. Mimi sipingi majengo marefu, watu wanapata kazi hapo, vijana wa mtaani kwetu wamebeba simiti hapo. Lakini naona tumechanganya vitu viwili, jengo kuwa refu na jengo kuwa sura ya mji, na ofisi yako ndiyo inayopitisha plani za ujenzi hapa jijini kwa hivyo nimeona nikuandikie wewe.

Hebu angalia mwaka 1973 peke yake. Huo mwaka Paris walizindua mnara wa Montparnasse, mita 210. Sydney wakafungua ile Opera House yao pale baharini, ambayo hata mita 70 haifiki. Na sisi, mwezi wa 9, Mzee Kenyatta akafungua KICC, mita 105, gorofa 28. Majengo matatu ya rika moja. La Paris ndilo refu kuliko yote, mara mbili ya letu kabisa, na ndilo wenyewe walilichukia, wanasema mahali pazuri pa kuitazamia Paris ni juu ya huo mnara manake ukiwa huko ndio hauuoni. Walichukia kiasi kwamba mwaka 1977 wakaweka sheria ya kuzuia majengo mapya ndani ya jiji yasipite mita 37. La Sydney ndilo fupi kuliko yote, lilichelewa miaka, pesa ilipanda kutoka makadirio ya dola milioni 7 za Australia hadi milioni 102, msanifu wake Jørn Utzon aliacha kazi 1966 akaondoka na hakurudi tena kuliona likiwa limekamilika, na bado leo mtoto yeyote duniani ukimchorea yale maganda meupe anakwambia hiyo ni Australia. Sasa urefu umesaidia nani hapo?

Letu pia mtoto anaweza kulichora. Huo ndio mtihani wangu Mheshimiwa, mpe mtoto wa darasa la 3 kalamu umwambie achore Nairobi. Atachora mnara wa duara na kofia pana juu, na chini kando yake atachora kitu kama nyumba ya msonge, ndio ile amfithieta, ukumbi wa mikutano. Hawezi kukuchorea Britam Tower ingawa ina mita 200, wala UAP Old Mutual yenye 163, wala Times Tower ambayo pia inaipita KICC. Sizitukani, ni kazi nzuri za watu, lakini urefu ni kitu cha kupitwa. Mwaka 2015 ilikuwa hii, 2017 ikawa ile, kesho nyingine. Hata Burj Khalifa ya Dubai na mita zake 828, Saudia wanajenga mwingine kule Jeddah wa kupita kilomita moja.

KICC ilichorwa na watu wawili, Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na David Mutiso wetu, ambaye ndiye alikuwa msanifu mkuu wa serikali wakati huo na Mwafrika wa kwanza kushika hiyo kazi hapa Kenya. Mwanzoni lilikuwa liwe jengo dogo tu la makao makuu ya KANU, chama tawala cha wakati huo, alafu ikajulikana Benki ya Dunia na IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, wanakuja kufanya mkutano wao wa mwaka Nairobi, mara ya kwanza Afrika, ikabidi likue, likue tena, hadi likawa hivyo tunavyoliona. Mkutano ukafanyika huo mwezi wa 9 mwaka 1973 na rais wa Benki ya Dunia, Robert McNamara, akatoa hapo hotuba yake inayokumbukwa hadi leo kuhusu umaskini wa watu wa mashambani. Hebu fikiria, nchi ina miaka 10 tangu uhuru na dunia nzima ya pesa imekuja kukaa chini ya paa yako.

Na angalia venye limejengwa. Rangi ni ya udongo wetu, ule mwekundu unaoupata viatu vikiwa vimetoka shamba. Madirisha yamewekwa ndani kidogo, kati ya mbavu za zege zinazoshuka kutoka juu hadi chini, jua likipiga linakutana na kivuli kwanza. Majengo ya vioo tunayojenga siku hizi yangeweza kuwa Doha, yangeweza kuwa Shenzhen, ukikata picha ukaficha matatu na mabango huwezi kujua uko wapi. KICC hata ukikata picha ibaki kipande tu cha kofia, unajua.

Tena toa noti yoyote uliyonayo mfukoni sasa hivi. Katiba ya 2010 ilikataza noti zetu kubeba picha ya mtu, kwa hivyo noti mpya zilipotoka 2019 ilibidi itafutwe sura nyingine ya kuweka mbele, na noti zote tano, kuanzia ya 50 hadi ya 1000, zikawekwa KICC. Najua kulikuwa na maneno hadi kortini kuhusu ile sanamu ya Mzee kuonekana hapo, lakini kuhusu jengo lenyewe mimi sikusikia mtu akilalamika. Mama mboga wa Gikomba anaishika mara mia kwa siku.

Sasa nikwambie kinachonitia hofu. Panda pale juu Uhuru Park asubuhi, geuka uangalie tauni. Unaona mnara wa saa wa Bunge mbele, na nyuma yake KICC imesimama, na kati yako na hivyo vyote kuna nyasi, miti na Uhuru Highway. Hiyo picha ndiyo imetoka kwa kila kalenda na kila posti kadi. Na hiyo picha tuko nayo leo kwa sababu ya mwanamke mmoja. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga gorofa 60 hapo hapo ndani ya Uhuru Park, liwe refu kuliko yote Afrika, na sanamu kubwa ya rais kando yake. Wangari Maathai akaandika barua. Akaandikia huyu ofisa, akaandikia yule, wabunge wakamcheka na kumtusi Bungeni, akaendelea tu kuandika, mpaka waliokuwa watoe pesa wakajiondoa na mpango ukafa. Kama lingejengwa, lingekuwa refu, ndio, na siku moja lingepitwa, na watoto wetu hawangekuwa na pahali pa kukaa Jumapili wakila aiskrimu. Nikisema barua naamini zinaweza kitu, namaanisha hiyo.

Lakini hatari ya sasa haiji kwa kishindo kama ile. Inakuja plani moja moja. Hili linaziba kidogo upande huu, lile linaziba upande ule, kila moja peke yake halina ubaya, na baada ya miaka 20 unatafuta KICC kutoka mahali popote unaiona kama mtu aliyefinywa katikati ya matatu, kichwa tu. Hakuna mtu atakuwa ameamua kuificha. Itakuwa tu imefichwa.

London walilikuta hili tatizo zamani. Wana kanisa lao la St Paul's, mita 111, yaani karibu sawa na KICC yetu, na tangu miaka ya 1930 walipoona majengo yanaanza kupanda kulizunguka wakaweka masharti ya urefu ili lisizibwe. Kuna hadi kilima kimoja kule Richmond Park, karibu kilomita 16 kutoka hapo kanisani, na kuna pengo wanalolipunguza matawi kwenye kichaka ili mtu akisimama pale alione kuba la kanisa mbali kule, na hiyo njia ya macho inalindwa kisheria. Kilomita 16! Sisi kutoka Uhuru Park ni mwendo wa mtu na miguu yake. Na London hawakuacha kujenga marefu, wamejenga mengi sana, ila wanajua wapi yasisimame.

Ninachoomba ni hicho Mheshimiwa. Kaunti ikae na wasanifu na wapangaji wa mji, ichague sehemu za kusimama, Uhuru Park kwanza, na City Hall Way, na pale mbugani Nairobi National Park ambapo wageni wanapiga picha twiga akiwa mbele na mji nyuma, iandikwe kwenye ramani ya mipango kwamba kutoka hapa hadi pale KICC lazima ionekane. Kila mwenye kuleta plani ajue mapema, asije akaumia baadaye, na ofisa wa kuipitisha awe na kitu cha kushika mkononi akiombwa afumbe macho.

Na kuna kingine, hiki naomba uongee na wanaosimamia jengo kwa sababu najua liko chini ya serikali kuu. Watoto wa shule za kaunti wapandishwe juu ya paa bila malipo, hata kama ni siku moja kwa muhula. Mimi baba alinipandisha nikiwa na miaka 9. Niliona Ngong, nikaona mbuga, nikaona Eastlands kwetu iko kubwa kuliko nilivyofikiri, na nikamwona mpiga picha mwenzake baba pale chini akichuchumaa, mdogo kama siafu. Tangu siku hiyo ule mji nikaona ni wangu pia. Juzi kati nilisimama nje ya gorofa moja mpya hapa jijini, sitalitaja jina, nikatoa kamera ya baba nijaribu, askari akaja mbio kunifukuza, ati picha haziruhusiwi hata kwa barabara. Nilienda zangu sina hasira, nilihuzunika tu. Jengo kama hilo hakuna mtu wa Voi atakayekuja kusimama mbele yake na suti ya kuazima.

Kwenye hii katoni kuna picha moja baba hakuituma, anwani ililowa maji ikafutika. Ni ya mama mmoja ameshika kiondo na kiatu kimoja kimekatika kamba, amesimama wima kabisa, na juu yake KICC yote, mpaka ile kofia. Nyuma ya picha baba ameandika "amelipa, atafutwe".

Jumamosi asubuhi huwa niko Uhuru Park, upande wa juu, na kamera ya baba. Ukipata nafasi njoo usimame pale tuangalie pamoja kabla hiyo ramani haijachorwa. Picha nitakupiga bure, na nitahakikisha inaingia yote.

Ni mimi,
mtoto wa mpiga picha, Kayole