Maji ya gata na maji ya kisima: kila moja na tenki lake

Masika yakikaribia, simu nyingi tunazopokea huku Meru, mkoani Arusha, ni za ombi hilohilo. Mteja ana kisima kilichochimbwa, ana pampu, ana simtanki la lita 5,000 juu ya stendi, na sasa amefunga gata kwenye paa jipya. "Fundi, njoo uniunganishie haya ya mvua yaingie humohumo." Ukilitazama harakaharaka ni wazo la mtu anayejua kubana matumizi: tenki lipo, nafasi ipo, na bomba linalohitajika ni la mita chache. Kwa fundi ni kazi ya asubuhi moja. Sisi huwa tunaikataa, na kwa kuwa kuieleza kwenye simu yenye mtandao wa kukatikakatika kunachosha pande zote mbili, tumeona tuiandike.

Shida ni floraidi, madini yanayoyeyuka majini na kutia meno madoa ya kahawia. Anayeishi kati ya Usa River na King'ori hahitaji kuelezwa ni kitu gani, maana anaiona kwenye meno ya watu kila siku. Inatoka kwenye mawe na majivu ya volkano ya Mlima Meru. Maji yanapokaa ardhini muda mrefu yakipenya kwenye mawe hayo, yanaiyeyusha na kuibeba. Kwa hiyo kisima kirefu si lazima kiwe na maji mazuri kuliko chemchemi ya huko juu mlimani. Mara nyingi huwa kinyume chake. Kwa hiyo pia majibu ya kisima cha jirani hayakusaidii wewe, kwani visima viwili vinavyotenganishwa na uzio wa michongoma vinaweza kutofautiana sana. Haina rangi, haina harufu, na huwezi kuionja.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tulivumilia hadi 4, kisha mwaka 2018 kiwango chetu nacho kikashushwa hadi 1.5. Wanaodhurika meno ni watoto, kwa sababu madoa huingia jino likiwa bado linajijenga ndani ya fizi, hadi kama umri wa miaka 8 hivi. Likishatoka na rangi ya kahawia, hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoling'arisha. Mtu mzima aliyekuja kuhamia huku hatabadilika meno, ila akinywa maji yenye kiwango kikubwa kwa miaka mingi, mifupa na viungo vinaweza kuumia.

Maji ya mvua, kwa upande wake, karibu hayana floraidi kabisa.

Sasa turudi kwenye lile tenki moja. Tuseme kisima chako kimepimwa na kukutwa na miligramu 6. Tenki likiwa nusu maji ya kisima na nusu ya mvua, unapata 3, ambayo bado ni mara mbili ya kiwango. Ili ufike 1.5 unahitaji mafungu matatu ya mvua kwa fungu moja la kisima, na lazima uwe na uhakika kwamba pampu haijawashwa usiku na kijana wa kazi. Hakuna nyumba inayopima hivyo. Kitakachotokea ni kwamba mwezi wa nne maji yatakuwa afadhali kidogo, mwezi wa saba tenki litakuwa la kisima tupu, na familia itaendelea kuamini inakunywa maji ya mvua. Umelipia gata, umelipia bomba, na mtoto anakunywa yaleyale.

Hapo wengi hutuambia, "Lakini sisi tunachemsha." Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni jambo jema, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani na kuwa kali zaidi, kama chumvi kwenye mchuzi uliokaukiwa. Angalia sufuria ya maharage au makande: inakaa jikoni saa mbili au tatu, maji yanakauka, unaongeza kikombe, yanakauka tena, unaongeza kingine. Kila kikombe kimeacha floraidi yake humo, na mwisho wa yote mchuzi unaliwa. Ukiongeza na magadi ili yaive haraka, ujue magadi mengi ya kanda hii nayo yana floraidi. Dawa ya klorini haiitoi. Chujio la mishumaa haliitoi. Inayotoa ni mitambo maalumu, kama ile ya kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, ambayo inataka umeme na inamwaga maji mengi. Au mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeishughulikia kwa miaka mingi. Mkaa huo unafanya kazi vizuri, ila unachoka, na siku uliyochoka hakuna dalili yoyote unayoiona kwenye glasi. Tukifungia mteja tunamwambia wazi kwamba bila kupima mara kwa mara ni pambo tu.

Kwa nyumba ya kawaida kijijini, mvua ni rahisi kuliko hayo yote, mradi iwe na tenki lake na usiitumie kwa kila kitu.

Hapa ndipo watu hukata tamaa bila sababu. Husema, "Lita 5,000 zitanifikisha wapi? Kiangazi ni kirefu." Ni kweli, kwa matumizi yote hazifiki mbali. Familia ya watu 6 inayofua, kuoga, kudeki na kunywesha ng'ombe wawili wa maziwa inaweza kumaliza lita 350 kwa siku bila hata kujua, na ng'ombe wa maziwa mmoja pekee anaweza kunywa lita 60. Tenki limekwisha ndani ya wiki mbili. Lakini tenga maji ya kunywa na ya kupikia tu: lita 5 kwa mtu ni makadirio mazuri, yaani lita 30 kwa siku kwa watu hao 6. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 31 Oktoba ni siku 153. Zidisha, unapata lita 4,590. Tenki lilelile la lita 5,000 likiwa limejaa mwisho wa masika linawafikisha kwenye vuli. Ni hesabu ya kubana, tunakubali. Ukiwa na wageni wa mara kwa mara, au vuli ikichelewa, utaishiwa. Mwenye uwezo aongeze tenki la pili la mvua.

Na kulijaza si kazi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa linalofunika eneo la mita 8 kwa 10 (pima chini, usipime mteremko wa bati) likipata mvua ya milimita 20, hata ukitoa sehemu ya tano kwa yanayorukia nje na kupotea, umevuna lita 1,280. Mvua nne za namna hiyo, tenki limejaa na linamwaga. Masika yetu yana mvua nyingi kuliko hizo.

Tunavyolifunga

Tenki la kisima linabaki juu ya stendi kama kawaida, likilisha bafu, choo, karo la kuoshea vyombo, banda la ng'ombe na bustani. Tenki la mvua tunaliweka chini, kwenye kona ya nyumba iliyo karibu na mlango wa jiko, na hatulipeleki ndani kwa bomba. Koki ni moja tu. Kuna mteja aliwahi kutuuliza kama hiyo ni kwa sababu tuna uvivu wa kuvunja ukuta. Hapana: ukishakuwa na mabomba mawili ndani ya nyumba, iko siku fundi mwingine atakuja kurekebisha sinki na kuyaunganisha, kwa nia njema kabisa, na wewe hutajua.

Jukwaa la chini ndilo tusilokubali kupunguziwa gharama. Lita 5,000 ni tani 5. Mbao hazifai, matofali ya udongo hayafai. Tunajenga mawe kwa saruji, tunajaza kifusi na kukishindilia, kisha zege juu, sawa kwa pimamaji. Likiinama upande mmoja, plastiki ya tenki inavutika na ufa unaanzia pale koki ilipotoboa. Urefu wa jukwaa ni wa kutosha ndoo ya lita 20 kukaa chini ya koki bila kuinamishwa. Koki tunaifunga juu kidogo ya kitako cha tenki ili tope lililotulia chini lisichotwe, na tunapendelea ile yenye sikio la kufuli. Mama wa nyumba anashika ufunguo. Inaonekana ni ubahili, lakini koki iliyo wazi mwezi wa nane itaoshea pikipiki.

Kisha kuna maji ya kwanza. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi inaosha paa: vumbi, kinyesi cha ndege, majani, mjusi aliyekauka. Hayo hayatakiwi tenkini. Kati ya gata na tenki tunasimamisha bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita 2, limezibwa chini kwa kifuniko cha kufungua kwa mkono, na kitundu kidogo kama cha msumari pembeni. Maji ya mwanzo, kama lita 35, yanashuka humo na kulijaza. Likishajaa, yanayofuata yanapita juu na kuingia tenkini. Kitundu kinalimwaga polepole ili liwe tupu mvua nyingine ikija. Kitundu hicho huziba. Kila baada ya mvua kubwa fungua kifuniko, mwaga tope, chokoa kwa waya. Ni dakika chache, na mitambo mingi tunayoitwa kuirekebisha haina ugonjwa mwingine zaidi ya huo.

Kwenye mdomo wa tenki na kwenye bomba la kumwagia maji yakizidi tunafunga neti ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, tundu dogo lisilopitisha mbu. Neti ya plastiki panya huitafuna. Tenki liwe jeusi au rangi nyingine isiyopitisha mwanga, vinginevyo ukijani utaota ndani. Matawi yanayoning'inia juu ya bati yakatwe. Na kama paa lako ni la zile shiti za zamani za asbesto, tuambie mapema tuone paa la stoo au la banda, kwa sababu kwa hilo hatufungi gata la maji ya kunywa.

Maji ya mvua bado yachemshwe au yatiwe klorini kabla ya kunywa. Kutokuwa na floraidi hakumaanishi ndege hajapita.

Ndani ya nyumba

Kugawa maji ni kazi ya jikoni kuliko ya fundi, na tumeona nyumba zinazofanya vizuri zimeweka utaratibu usiohitaji kukumbushana. Ndoo ya mvua ina rangi yake na mfuniko, haiendi bafuni wala kwenye kudeki. Ya mvua: maji ya kunywa, chai, uji, maziwa ya kopo ya mtoto, wali, ugali, maharage, mchuzi. Ya kisima: kufua, kuoga, kuosha vyombo na mboga, kudeki, mifugo, bustani. Kupigia mswaki maji ya kisima hakuna shida ikiwa mtoto anatema. Tatizo la watoto ni kwamba hunywa kwenye koki yoyote iliyo karibu nao, hasa ya bustanini wakitoka kucheza, kwa hiyo wekeni jagi lenye maji ya mvua mahali wanapolifikia wenyewe.

Kuhusu presha, kwa kuwa swali hili huja kila mara: tenki la mvua lililo chini halitakuwa na nguvu, na halihitaji. Ndoo inajaa. Nguvu itafute kwenye tenki la kisima. Kila mita 10 za kimo zinakupa ba moja (ba ni kipimo cha presha), kwa hiyo stendi ya mita 3 inaweza isitoshe kwa baadhi ya hita za bafuni hata ukibadilisha mabomba yote. Hapo ni pampu ndogo ya kuongeza presha, au stendi ndefu.

Kama kisima chako hakijawahi kupimwa floraidi, anza na hilo kabla ya kununua chochote, kwa sababu vipo visima huku vilivyo chini ya 1.5, na mwenye kisima hicho hatuna la kumuuzia kwenye suala hili. Chukua chupa safi ya plastiki ya lita moja, siyo ya kioo. Washa pampu iende dakika kadhaa, suuza chupa kwa maji hayohayo, jaza, andika tarehe na mahali, peleka kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Ukitaka tukuchukulie sampuli, tunafanya hivyo tukija kupima paa.

Kazi za gata tunazifanya zaidi Januari na Februari. Machi foleni inakuwa ndefu, na kupanda juu ya bati lililoloa hatupandi. Ukitutumia ujumbe, weka picha ya nyumba upande wa jiko, urefu na upana wake ukipima kwa hatua chini, idadi ya watu wanaokula nyumbani kila siku, na majibu ya maabara kama unayo. Kwa hayo tunaweza kukupa makadirio ya gharama kabla hatujafika.