Umeitwa kwenye kamati, basi nisikilize

Shoga yangu,

Salamu kwako na kwa watoto. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili jana usiku. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu, mara ya pili nikakaa kitako. Wewe uliyeapa hutatia tena mguu kwenye mkutano wa shule, leo umo kwenye kamati ya kumtafuta mkuu wa shule zote za jiji! Hongera, na pole kidogo. Unauliza hao waombaji uwaangalieje. Mimi nimekalimani mikutano ya kazi hiyohiyo mara mbili ndani ya miaka mitano, na jibu langu halienei kwenye simu.

Kabla ya waombaji, lile jina lenyewe la kazi, "superintendent". Huku Marekani kila eneo la shule lina mtu mmoja aliye juu ya walimu wakuu wote, na Kiswahili chetu hakina jina lake lililotulia. Usiku wa kwanza nilisema "msimamizi mkuu wa shule". Kina mama kutoka Kongo wakadhani anachaguliwa mwalimu mkuu wa shule ya watoto wao, wakaanza kumsema yule waliyenaye, na walikuwa na mengi. Nikageuza, nikasema "mkurugenzi wa elimu". Mzee mmoja akaniuliza kama ni mtu anayeletwa na serikali kutoka Washington. Mwisho mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akanihurumia: "Sema tu mkubwa wa shule zote." Wote wenye visikilizio masikioni wakaitikia kwa vichwa, na tangu siku hiyo ndilo neno langu.

Mama huyohuyo ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote niliyoyatafsiri usiku ule. "Huyo mkubwa mkimpata, basi litafika saa ngapi?" Mtoto wake wa miaka tisa alikuwa akisimama kituoni tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na basi likija mapema ni saa moja na robo. Mwendesha mkutano alimshukuru kwa tabasamu, akasema leo tunazungumzia sifa za kiongozi, malalamiko ya usafiri yana namba yake ya simu. Mama akakaa. Ukutani walikuwa wamebandika makaratasi makubwa, na sifa za kiongozi zimeandikwa kwa kalamu nene: maono, uwazi, usawa. Basi halikuandikwa popote. Ilipofika saa tatu usiku nilihesabu wajumbe wa bodi ya shule, wale wenye kura ya kumwajiri huyo mkubwa, waliobaki kwenye viti vyao vya mbele: wawili kati ya saba.

Mkutano wenu wa wazazi ukifika, nawe hesabu. Ninavyoona mimi, kamati nyingi zinakesha zikimchunguza mwombaji, na hakuna anayeichunguza bodi itakayomwajiri. Wapo wakuu wengi wa shule za miji mikubwa huku wanaokaa kazini miaka mitatu hivi tu, kisha wanaondoka au wanaondolewa. Miaka mitatu! Mtoto anayeanza darasa la kwanza anaweza kupitisha wakubwa wanne kabla hajamaliza sekondari. Nami siamini kwamba nchi nzima imekosa watu wenye uwezo. Nadhani wengi wanaajiriwa na bodi moja, kisha wanajikuta wanafanya kazi chini ya nyingine.

Chukua Los Angeles. Mwaka 2006 bodi yao ya watu saba ilimchukua David Brewer, mstaafu wa jeshi la majini mwenye cheo cha makamu admirali, ambaye hakuwahi kuongoza shule. Meya wa wakati ule, Antonio Villaraigosa, alikuwa akivutana na bodi hiyo juu ya nani ashike shule, na uamuzi ulipofanyika yeye alikuwa safarini Asia. Unaweza kukisia kilichofuata. Uchaguzi wa 2007 ukawapa watu wa meya viti vingi kwenye bodi, na Desemba 2008 Brewer akalipwa zaidi ya dola 500,000 aondoke kabla mkataba haujaisha. Watu husema kosa lilikuwa kumchukua mwanajeshi. Haya, na Seattle je? Mwaka 1995 walimchukua meja jenerali mstaafu, John Stanford, naye hakuwa mtu wa shule, na alipofariki kwa saratani ya damu mwaka 1998 mji ulimlilia. Kwa hiyo mimi lile la gwanda silitilii maanani sana. La kutazama ni nani aliyekuwa nyuma ya mtu na nani aliyekuwa akimsubiri mlangoni.

Chicago ni hivyohivyo, tena juzijuzi tu. Pedro Martinez aliteuliwa mwaka 2021 na meya Lori Lightfoot. Mwaka 2023 akaja meya mpya, Brandon Johnson, na mwaka uliofuata wakagombana juu ya mkopo wa dola milioni 300 ambao Martinez aliukataa. Oktoba 2024 wajumbe wote saba wa bodi wakatangaza kujiuzulu, meya akateua wengine, na siku chache kabla ya Krismasi hao wapya wakapiga kura ya kumwondoa Martinez. Kwa masharti ya mkataba akabaki ofisini miezi sita mingine, akiongoza shule za watu waliokwisha kumfukuza. Sisemi nani alikuwa na haki, maana hesabu za madeni ya Chicago zinanipita kimo. Ninachosema ni kwamba hata wangemsaili Martinez mwaka mzima, hakuna swali ambalo lingelifichua hilo mwaka 2021.

Sasa fanya hivi. Kabla hujasoma wasifu wa mtu yeyote, andika majina ya wajumbe wa bodi yenu kwenye karatasi, na mbele ya kila jina andika mwaka ambao muhula wake unaisha. Halafu angalia kalenda ya uchaguzi wa meya. Ukiona nusu ya viti inapigiwa kura mwakani, inua mkono uulize mbele ya watu wote: huyu tunamtafuta kwa ajili ya bodi ipi? Watakuchukia kidogo. Zoea.

Kampuni ya kutafuta viongozi itakuja na jalada zuri na wataalamu wawili wenye sauti laini. Mtapewa hati ya kutunza siri mtie saini. Sababu watakayoitoa ni kwamba waombaji wana kazi zao kwingine na habari zikivuja wataharibikiwa, na kweli wapo wanaoharibikiwa. Lakini siri hiyohiyo inawapendeza pia wale wanaopenda kushindaniwa. Mwaka 2018 New York walitangaza wamempata Alberto Carvalho wa Miami, aliyekuwa na sifa kweli. Kesho yake, kwenye kikao cha bodi ya Miami kilichorushwa moja kwa moja kwenye televisheni, watu wakapanga foleni kumbembeleza asiende, akatoka nje, akarudi, na mwisho akasema haendi. Wakubwa wa New York walikuwa wakitazama kama sisi tunavyotazama mpira. Shoga yangu, nilicheka siku ile hadi nikaona haya.

Na New York hao walishawahi kufanya jambo jingine. Tangu 2002 huko meya ndiye anayechagua, na mwisho wa 2010 meya Michael Bloomberg alimchagua Cathie Black, mkubwa wa kampuni ya magazeti, mtu ambaye ilibidi jimbo limpe kibali maalumu kwa kuwa hakuwa na sifa za ualimu. Alianza Januari 2011, Aprili akawa ametoka. Ndio mambo ya mgeni njoo mwenyeji apone. Bodi zinaupenda ugeni. Mtu wa mbali hana adui mjini, hakuna anayekumbuka siku aliyokosea, na hotuba yake bado ni mpya masikioni.

Tena hapo Los Angeles, vuka tu mpaka wa mji uingie Long Beach. Carl Cohn aliongoza shule zao tangu 1992 hadi 2002. Akamfuata Chris Steinhauser hadi 2020. Akamfuata Jill Baker, aliyekuwa naibu. Wote watatu walikuwa watu wa humohumo. Katika miaka hiyo jirani zao wa Los Angeles walipitisha angalau wanane, na mmoja wao, Ramon Cortines, aliitwa mara tatu, kama fundi ambaye kila mwingine akishindwa ndipo anakumbukwa. Mwaka 2003 Long Beach walipata tuzo kubwa ya taifa ya shule za mijini, ingawa tuzo mimi hazinishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni kwamba mwalimu wa Long Beach aliyeambiwa mwaka 1995 afundishe kusoma kwa namna fulani hakuamshwa baada ya miaka miwili akaambiwa sahau yote, amekuja mkubwa mwingine na namna yake.

Hapo utaniambia: je, kama wa ndani nao wameoza? Ni kweli hutokea, na mimi si mtetezi wa kila naibu. Lakini hata anayekuja kwa kishindo, mtu wa kumwangalia ni yule anayesimama pembeni yake. Michelle Rhee aliingia Washington mwaka 2007, akafunga shule, akafukuza watu, akapigwa picha ya jalada la gazeti la Time ameshika ufagio darasani. Mwaka 2010 meya aliyemteua alishindwa uchaguzi naye akaondoka. Aliyebaki ni naibu wake, Kaya Henderson, akaendesha shule hizo hadi 2016. Kwa hiyo ukimaliza kumsaili mtu, muulize naibu wake wa huko alikotoka ni nani, na kama wanaongea hadi leo. Kisha umpigie huyo naibu. Wale watatu walioandikwa chini ya wasifu kama wadhamini waache, hao wameshapangwa.

Sasa nikupe langu, nililokuwa sijakuambia. Ule mchakato wa kwanza hapa kwetu ulibakisha waombaji wawili. Waliletwa wote ukumbini, kila mmoja jioni yake. Mama wa basi alikuja jioni zote mbili, na zote mbili alisimama. Jioni ya kwanza alieleza dakika nzima: mtoto, baridi, kazi yake ya usiku, jinsi anavyofika nyumbani mtoto keshatoka. Mimi nilikuwa nimechoka, na saa ilikuwa imekwisha, nikafupisha: "Anauliza kuhusu kuchelewa kwa mabasi." Mwombaji, bwana mmoja mrefu kutoka mbali, akajibu vizuri sana kuhusu kuboresha mifumo.

Jioni ya pili alikuwa mwanamke, naibu wa humuhumu kwetu. Mama akasimama, akaeleza yaleyale, nami kwa aibu nakiri nikafupisha tena. Yule naibu akainua mkono. Hakunitazama mimi, alimtazama mama. Akasema, "Samahani, amezungumza kirefu kuliko nilivyosikia. Naomba nipewe yote." Masikio yaliniwaka moto. Nikaanza upya, neno kwa neno, hadi ile ya kufika nyumbani mtoto keshatoka. Akauliza namba ya basi. Akaiandika kwenye kiganja, kwa sababu karatasi ilikuwa mezani.

Bodi ilimchagua yule bwana. Walisema jiji linahitaji damu mpya. Baada ya mwaka na nusu ukaja uchaguzi, bodi ikabadilika, na alipotimiza miaka miwili na miezi akapewa chake akaenda. Nami nikaitwa tena ukumbi uleule, makaratasi yaleyale ukutani, maono, uwazi, usawa. Yule naibu alikuwa ameshahamia mji mwingine. Ile namba ya basi sijui alifanya nini nayo, wala siwezi kukuapia angekuwa mkubwa bora. Labda kwenye hesabu za fedha angeanguka vibaya. Ila hakuna siku nilipokaa mbele ya kipaza sauti tena nikafupisha maneno ya mtu.

Hapo kwenu wazungumzaji wa Kiswahili ni wengi, na najua watawaletea mkalimani wa simu, wa kupigiwa kutoka jimbo jingine. Kataa. Omba mtu aliye ukumbini, anayeona nyuso, na omba apewe muda sawa na msemaji. Hiyo ni kazi ambayo mjumbe mmoja wa kamati anaweza kuipata bila kugombana na mtu. Na akikuuliza atumie neno gani, mwambie mkubwa wa shule zote.

Nipigie Jumapili, nitakuwa nyumbani. Uwe na ile karatasi ya mihula mkononi, tuisome pamoja.

Swahiba wako