Mnaolilia daina za Marekani, mkumbukeni mwenye jiko

Mhariri,

Makala yenu kuhusu daina, ile mikahawa midogo ya kando ya barabara huku Marekani, ilikuwa na picha za kupendeza, lakini kiini cha shida kiliwaponyoka. Mwandishi aliilaumu McDonald's kwa kupotea kwa daina, akazilaumu barabara kuu zilizotokana na sheria ya 1956, akaweka kalamu chini. Hayo yalitokea kabla sijazaliwa, na mimi nina wajukuu. Daina zilizovuka misukosuko hiyo zinafungwa sasa kwa sababu nyingine.

Naishi Worcester, Massachusetts, mji uliokuwa ukiunda daina kiwandani kama mabehewa, kisha zinasafirishwa zikiwa zimekamilika hadi kwa mnunuzi. Kampuni ya Worcester Lunch Car ilianza 1906 na ikatoa daina 651, kila moja na nambari yake. Mojawapo, Miss Worcester ya mwaka 1948, ipo Southbridge Street, mkabala na mahali kiwanda kilipokuwa. Sisi Wakenya tunaokesha tukitunza wazee, na tuko wengi huku, tunazijua daina kwa tumbo. Ukitoka zamu alfajiri unapanda stuli yako kwenye kaunta, mayai yanavunjwa juu ya bamba la moto mbele ya macho yako, kahawa inaongezwa kabla hujaomba. Mama anayenihudumia anajua nataka mayai yaive kabisa, haya ya Kimarekani yenye ute sitaki kuyaona, na haulizi tena.

Sasa tazama hesabu ya mwenye mkahawa. Behewa ni dogo na halipanuki, kwa hiyo wateja wake ni wale wanaotosha kwenye stuli na vimeza vichache. Kuta za nje ni chuma kilichopakwa enameli. Maji yakipenya, kutu inakula kwa ndani, na fundi wa kazi hiyo si wa kumwokota barabarani. Kiwanja kilicho chini yake kinatamaniwa na wajenzi wa maghorofa. Watoto wake wamesoma, hawataki kunuka mafuta ya kukaangia.

Makala yenu iliandika kwamba daina kadhaa "zimelindwa" kwa kuorodheshwa katika Sajili ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Ya kwanza kuingia ilikuwa Modern Diner ya Pawtucket, Rhode Island, mwaka 1978. Ni heshima, sikatai. Lakini sajili hiyo peke yake haimzuii mwenye mali kuibomoa daina kwa fedha zake mwenyewe. Unafuu wa kodi upo, asilimia 20 ya gharama za ukarabati uliokubaliwa, ila lazima kwanza uwe na hizo fedha za kukarabati. Muuza mayai atazitoa wapi?

Wengine husema, si ina umbo la behewa, ihamisheni! Moondance ya New York iliuzwa mwaka 2007 kwa dola 7,500, ikakokotwa hadi La Barge, Wyoming. Theluji ya huko ikaangusha paa. Wanunuzi wakaijenga upya, wakafungua 2009, na mwaka 2012 ikafungwa. Cheyenne, ya New York vilevile, ilifungwa 2008. Mpango wa kuihamishia Brooklyn, ng'ambo tu ya mto, ulishindikana kwa gharama, ikauzwa ikaenda Alabama. Wateja hawapakiwi kwenye lori.

Kilichonikera zaidi ni cha Denver mwaka 2019. Tom's Diner haikuwa behewa, ni jengo la 1967 lenye paa la madoido, lakini kisa ni kile kile. Mwenyewe, baada ya miaka kama 20 jikoni, alitaka kuuza astaafu. Wakazi watano wakaomba jiji litangaze jengo hilo kuwa la kihistoria bila ridhaa yake ili mnunuzi asilibomoe, jambo ambalo lingevuruga mauzo ya dola milioni 4.8. Hatimaye waliondoa ombi, na baadaye jengo likapona kwa makubaliano na wawekezaji wa majengo ya kale. Lilifunguliwa tena likiwa mahali pa vinywaji vya jioni. Paa limebaki; chai ya asubuhi ya dereva wa lori ndiyo iliyoondoka. Nilijiuliza wale watano walikuwa wakila pale mara ngapi kwa mwezi.

Sipingi kuhifadhi. Napinga kuhifadhi kwa gharama ya mtu mmoja mzee. Jiji likitaka daina ibaki, limpunguzie kodi ya kiwanja na limkopeshe kijana anayetaka kuinunua pamoja na jiko lake na wafanyakazi wake.

Mkirudia mada hii, mwandishi wenu aiache kamera kidogo, akae kaunta, amuulize mwenyewe analipa kiasi gani kwa kiwanja na nani atashika lile bamba yeye akichoka.

Mama wa Likoni,
Worcester, Massachusetts